Bustani ndogo za mjini zinazowafaa wakazi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hutoka kwa wajumbe wa mitaa, maofisa wa mipango miji, wasanifu wanaoanza kazi, na wakati mwingine kwa mkazi mmoja tu aliyechoka kuona kiwanja kikigeuka jaa la taka. Baadhi ya majibu ni marefu kwa sababu hapo ndipo mambo huharibikia. Mengine yanatosha kwa sentensi chache.

Bustani "ndogo" ni ya ukubwa gani?

Hakuna kipimo kimoja. Hapa tunazungumzia chochote kuanzia kiwanja cha nyumba moja hadi kama nusu hekta. Ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani imetoa mwongozo wa kukadiria kwamba mkazi wa mjini awe na eneo la kijani la angalau nusu hekta hadi hekta moja ndani ya mita 300 kutoka nyumbani. Mitaa mingi iliyobanana haina nafasi hiyo tena, wala haitaipata. Vilivyobaki ni vipande: pembe ya barabara, mahali palipobomolewa jengo, ukanda ulioachwa kando ya mfereji.

Udogo wenyewe si kilema. Paley Park ya New York, iliyofunguliwa mwaka 1967, ina kama mita za mraba 390, haifiki hata uwanja wa mpira wa kikapu. Imebanwa na majengo pande tatu. Ndani kuna miti, viti vinavyohamishika, na ukuta wa maji yanayoporomoka wenye kimo cha mita 6 hivi, ambao mlio wake unafunika kelele za magari. Hakuna zaidi, na watu wanaijaza. Ila mjue kwamba bustani kubwa husamehe makosa na ndogo haisamehi. Mahali penye mabenchi manne, moja likiwekwa vibaya mmepoteza robo ya viti vyote.

Tuanze na mchoro au na wakazi?

Anzeni na kiwanja chenyewe, kabla ya mchoro na hata kabla ya mkutano. Kaeni pale asubuhi watu wakienda kazini, saa sita jua likiwa la utosi, alasiri shule zikitoka, na tena saa mbili usiku. Fanyeni hivyo siku ya kazi na siku ya mapumziko. Mwe na daftari, na muandike kile mnachokiona, si mnachodhani.

Kiwanja kinachoitwa kitupu huwa kimejaa ushahidi. Kuna kijia kimekata nyasi kutoka pembe moja hadi nyingine. Hiyo ni barabara tayari, na mkipanda maua juu yake yatakanyagwa wiki ya kwanza. Kuna ukuta mfupi ambao ukingo wake umeng'aa sehemu moja tu, kama upana wa watu wawili. Kaa hapo mwenyewe ndipo utajua kwa nini: kivuli cha jengo la jirani kinafika saa tisa, mgongo umekingwa, na unaona kituo cha basi bila kusimama. Pembeni kuna mawe matatu yamepangwa chini ya mti, na goli limechorwa ukutani kwa mkaa. Mtu ameshasanifu sehemu ya bustani yenu, bure kabisa.

Kisha jiulizeni swali gumu zaidi: nani hayupo? Hesabuni watu kwa rika na kwa jinsia. Mkiona vijana wa kiume ishirini na hamkumwona bibi hata mmoja saa zote mlizokaa, hapo ndipo kazi ya usanifu inapoanzia. Anayekuja ameshapata njia yake ya kuja. Asiyekuja ana sababu, na sababu hiyo mara nyingi ni kitu kinachorekebishika: ngazi, giza, kukosa pa kukaa, kuogopa kutazamwa. Majibu mengi yaliyo hapa chini yanamhusu huyo asiyekuja.

Mkutano wa hadhara hautoshi kukusanya maoni?

Ni wa lazima, ila hautoshi. Anayehudhuria ni mwenye nafasi, mwenye sauti, na aghalabu mwenye nyumba. Mpangaji, mama wa mtoto mchanga, mfanyakazi wa zamu ya usiku na mtoto wa miaka 11 hawaonekani, na hao ndio watakaoitumia bustani zaidi kuliko mwenyekiti wa mkutano. Wafuateni walipo: langoni mwa shule, kituo cha basi, kliniki ya watoto.

Msiulize "mnataka nini?" Swali hilo huzaa orodha ya vitu ambavyo watu wameviona kwingine: chemchemi, uwanja wa mpira, lango la matao. Ulizeni kuhusu jana. Jana jioni ulikaa wapi? Mtoto alichezea wapi, na nani alikuwa anamwangalia? Ni njia gani unaikwepa giza likiingia? Majibu ya maswali hayo yana vipimo ndani yake.

Jambo jingine: watu wengi hawasomi ramani, na hawatakiri mbele za watu kwamba hawaielewi. Chukueni chokaa, mchore bustani ardhini kwa ukubwa wake halisi, kisha waacheni wakazi watembee ndani yake. Mzee akifika kwenye "benchi" na kusema hapa jua litaniua, amewaokoa gharama ya kulihamisha. Mkileta mchoro wa mwisho, onyesheni lililokubaliwa na lililokataliwa, na sababu yake.

Wakazi wanavutana. Wengine wanataka utulivu, wengine mpira. Tumsikilize nani?

Kwanza tenganisheni ugomvi wa mahali na ugomvi wa saa. Wazee wanaotaka kukaa asubuhi na vijana wanaotaka kucheza jioni hawana ugomvi wowote; wanahitaji sehemu moja ya sakafu ngumu na mabenchi yanayofaa wote wawili. Ugomvi wa kweli ni ule wa saa moja mahali pamoja, na dawa yake ni mpangilio: michezo ya kelele karibu na barabara ambako kelele ipo tayari, utulivu ndani zaidi, na katikati kitu kinachotenganisha bila kuziba macho, kama ukingo wa kukalia au safu ya vichaka vya kimo cha goti.

Lakini kuna vitu havitaingia. Uwanja wa mpira ndani ya mita za mraba 800 unameza bustani nzima na kuwapa nafasi watu wachache tu. Semeni hivyo waziwazi, tena mapema, halafu tafuteni uwanja mwingine kwa ajili ya mpira. Bustani inayogawiwa vipande vidogo ili kila kundi lipewe kitu huishia kuwa na vitu saba visivyomtosha mtu yeyote. Nimeona michoro mingi ya namna hiyo, na yote hupendeza kwenye karatasi.

Kwa nini wasichana huacha kuja wakishakua kidogo?

Mjini Vienna, Austria, walijiuliza swali hilihili katika miaka ya 1990. Uchunguzi wa wakati huo ulionyesha kwamba wasichana hupungua bustanini wakipita miaka tisa hivi, ilhali wavulana huendelea kuja. Mji ukatengeneza upya bustani mbili za majaribio, mojawapo ikiwa Einsiedlerpark. Eneo moja kubwa la wazi, ambalo kundi lenye nguvu lilikuwa likilitwaa lote, liligawanywa kuwa sehemu ndogo. Wakaongeza michezo mingine kama voliboli, njia zikaboreshwa na taa zikaongezwa. Wasichana wakarudi, tena bila ugomvi na wavulana.

Fikirieni uwanja wa mpira uliozungushiwa wavu mrefu na kuwa na mlango mmoja. Kundi la kwanza kuingia husimama mlangoni, na basi, uwanja ni wao. Milango miwili au mitatu inabadilisha jambo hilo bila kuajiri mlinzi. Viti navyo vina siri yake: benchi ndefu iliyonyooka inawapanga watu kama wanasubiri basi, ilhali benchi yenye pembe, au mawili yanayotazamana, inawaruhusu marafiki watano kuzungumza. Wasichana wengi wa umri huo hawahitaji kifaa cha mchezo. Wanataka mahali pa kukaa pamoja, wanapoona kinachoendelea, na wanapoweza kuondoka kwa njia zaidi ya moja.

Viti vingapi, na vya aina gani?

Kama nina nafasi ya kushauri jambo moja tu, nashauri viti. William H. Whyte, mtafiti wa Marekani aliyepiga picha na kuhesabu watu katika viwanja vya New York kuanzia miaka ya 1970, alikuta kwamba watu hukaa zaidi mahali penye pa kukaa. Mtu anaweza kucheka, lakini nendeni mtazame bustani mpya tano, mhesabu ngapi zimelikumbuka hilo. Alitegemea kuona umbo la kiwanja au uzuri wake vikiamua, na havikuamua. Aliona pia kwamba mtu akipewa kiti cha kuhamishika hukisogeza kidogo kabla ya kukaa, hata kama hakuna sababu yoyote. Anakisogeza ili kiwe chake.

Viti vya kuhamishika ni bora pale penye mtu wa kuvitazama. Pasipo na mtu, wekeni vya kudumu lakini vya namna tofauti: mabenchi yenye egemeo, kuta fupi pana za kukalia pande zote mbili, ngazi pana, ukingo wa kitalu. Kiti kiwe na kimo cha sentimita 45 hivi. Kwa wazee egemeo la mgongo na mikono ya kushikia si anasa. Bila mkono wa kusukumia, mwenye goti bovu ataweza kukaa lakini hataweza kuinuka, na akiaibika mara moja harudi. Chuma kwenye jua kali huchoma. Zege kwenye baridi hunyonya joto la mwili. Mbao zinagharimu matunzo, na bado ndizo watu wanazozipenda.

Halafu mahali pa kuziweka. Mabenchi yawe pembeni mwa njia, si katikati ya uwazi, mgongo ukiwa na kitu nyuma yake na macho yakiwa na kitu cha kutazama. Kitu cha kutazama maana yake watu wengine. Benchi linaloangalia ukuta litatumiwa na wenye siri.

Kuhusu vyuma vinavyowekwa katikati ya benchi ili mtu asilale: vinamwondoa anayelala, na pamoja naye mama anayetaka kumlaza mtoto, mgonjwa anayehitaji kujinyoosha, na wapenzi. Sivipendi.

Tupande miti gani?

Ya kivuli kwanza, ya urembo baadaye. Ni kosa la kawaida kununua miche mirefu ya gharama kwa ajili ya siku ya ufunguzi, ikapandwa kwenye mashimo madogo ndani ya sakafu ya zege. Mti hauishi kwa shina, unaishi kwa udongo. Mizizi mingi hukaa kwenye tabaka la juu la udongo na kutambaa mbali kuliko matawi. Mti uliofungiwa kwenye shimo la mita moja utadumaa, au utainua vigae vyote kutafuta njia. Bora miti mitatu yenye udongo wa kutosha uliolegezwa vizuri kuliko kumi na miwili inayokufa polepole.

Tazameni jua kabla ya kuchimba. Jua linalowafukuza watu ni la alasiri, nalo hutoka magharibi, kwa hiyo mti wa kulikinga benchi saa tisa husimama upande huo wa magharibi. Mti mkubwa uliopo tayari usikatwe ili mchoro unyooke. Upindisheni mchoro. Kivuli cha miaka arobaini hakinunuliki.

Changanyeni aina, kwa sababu ugonjwa mmoja unaweza kumaliza safu nzima ya mti wa aina moja. Epukeni yenye miiba karibu na watoto, na yenye matunda yanayochafua moja kwa moja juu ya viti. Matawi ya chini yapogolewe juu ya kichwa cha mtu na vichaka vibaki chini ya kiuno, ili macho yapite katikati.

Mnaohitaji hoja ya kupeleka halmashauri, kuna kanuni iliyopendekezwa mwaka 2021 na Cecil Konijnendijk, mtaalamu wa misitu ya mijini: kila mtu aone angalau miti 3 kutoka nyumbani kwake, kila mtaa uwe na asilimia 30 ya eneo lake chini ya kivuli cha miti, na bustani iliyo karibu isizidi mita 300. Inaitwa 3-30-300, na mjumbe anaikumbuka hata akishatoka kikaoni.

Watoto wanahitaji vifaa gani?

Vichache kuliko mnavyofikiri. Msanifu wa Kiholanzi Aldo van Eyck alianza mwaka 1947 na uwanja mmoja mdogo pale Bertelmanplein, Amsterdam, na kufikia mwaka 1978 alikuwa ametengeneza zaidi ya 700, vingi vikiwa kwenye viwanja vitupu vilivyoachwa katikati ya nyumba. Alitumia shimo la mchanga lenye ukingo mpana wa zege, mawe ya duara ya kurukia, vyuma vya kupandia. Hakuna umbo la tembo wala meli. Kwa kuwa kitu hakisemi ni nini, mtoto anakigeuza anavyotaka: leo meza, kesho ngome. Ukingo ule wa shimo la mchanga ulikuwa kiti cha wazazi pia. Na baada ya viwanja vya kwanza, wakazi wa mitaa mingine walianza kuandika barua kuomba vyao.

Miaka minne kabla ya hapo, 1943, mji wa Copenhagen, Denmark, ukiwa chini ya Wajerumani, katika mtaa wake wa Emdrup ulifunguliwa uwanja wa watoto uliotokana na wazo la msanifu wa mandhari Carl Theodor Sørensen. Alikuwa ameona kwamba watoto walipenda kuchezea vifaa vya ujenzi kuliko viwanja alivyowatengenezea. Kwa hiyo wakapewa mbao, matofali na zana, pamoja na mtu mzima wa kuwa karibu nao. Si kila mtaa unaweza kufanya hivyo, lakini rundo la mchanga, magogo na maji kidogo mnaweza.

Pesa za watoto zianze chini ya miguu yao. Chini ya bembea na vya kupandia pawe na mchanga mlaini au magome ya mti, kina cha sentimita 30 hivi, unaoongezwa unapopungua. Lami chini ya bembea haikubaliki hata kidogo. Wekeni pia benchi lenye kivuli kando ya mchezo, kwa sababu mtoto mdogo hukaa muda ambao mtu mzima aliyemleta anaweza kuvumilia.

Bustani iwe na uzio?

Inategemea kilicho nje. Kama kuna barabara ya magari ya kasi na watoto wadogo wanacheza karibu, uzio mfupi upande huo una maana. Uzio mrefu kuzunguka bustani nzima ni jambo lingine. Bryant Park, New York, ilikuwa imeinuliwa juu ya barabara na kuzungukwa na vizuizi na vichaka virefu. Katika miaka ya 1970 ilijulikana kwa biashara ya dawa za kulevya. Mpita njia hakuweza kuona ndani, na aliyekuwa ndani hakuwa na njia nyingi za kutoka. Ilifungwa mwaka 1988, vichaka vikaondolewa, milango ikapanuliwa, viti vya kuhamishika vikaletwa, na ilipofunguliwa tena mwaka 1992 watu wa kawaida walirudi. Waliofanya kazi ya ulinzi zaidi ni wao.

Na taa?

Taa moja kali sana juu ya mlingoti mrefu hufanya giza lililo nje ya duara lake liwe zito zaidi. Afadhali taa nyingi za wastani, za chini, zinazomulika njia na nyuso za watu. Msisahau njia ya kutokea bustanini mpaka kituoni. Bustani inayong'aa iliyozungukwa na uchochoro wa giza haitembelewi usiku. Pale ambapo hamtaki watu usiku, kwa mfano kona iliyo mbali na macho ya majirani, msiweke taa. Taa ni mwaliko.

Tuwafikirieje watu wenye ulemavu?

Tangu mstari wa kwanza wa mchoro, kwa sababu kurekebisha baadaye hugharimu na huonekana kiraka. Njia ya mteremko isizidi uwiano wa 1 kwa 12, yaani kila sentimita 10 za kupanda zihitaji urefu wa sentimita 120. Kiti cha magurudumu kinahitaji duara la mita 1.5 hivi ili kigeuke, na viwili vipishane kwenye njia ya mita 1.8. Changarawe iliyolegea ni ukuta kwa magurudumu, na vilevile kwa fimbo na gari la mtoto.

Kando ya kila benchi acheni nafasi tupu ya sakafu ngumu, ili mwenye kiti cha magurudumu akae sambamba na wenzake na si mbele yao njiani. Kwa asiyeona, badilisheni mguso wa sakafu pale njia inapogawanyika, na matawi yasining'inie usawa wa uso. Meza moja iinuliwe kiasi cha magoti kuingia chini. Halafu mwiteni mtumiaji mwenyewe aipite njia kabla zege halijamwagwa.

Maji ya mvua yaende wapi?

Ardhini, kadiri inavyowezekana. Njia ziinamishwe kidogo kuelekea vitalu, na vitalu viwe chini ya njia badala ya kuinuliwa juu yake kama desturi ilivyo. Kibonde chenye mimea inayostahimili maji kwa siku moja mbili, kisha ukame, kitapunguza mafuriko mtaani na gharama ya kumwagilia. Maji yasituame siku nyingi; mbu hawahitaji mwaliko wa pili.

Choo ni lazima?

Kama mnataka wazee, wajawazito na watoto wadogo wakae zaidi ya nusu saa, ndiyo, au kiwepo cha kuaminika dakika mbili kutoka hapo. Choo kichafu ni kibaya kuliko kutokuwepo, basi msikijenge kabla ya kujua nani anakisafisha.

Nani ataitunza?

Swali hili huja la mwisho kwenye vikao vingi, na lilipaswa kuwa la pili. Fedha za kujenga hupatikana kwa sherehe. Za kufagia hazina mfadhili. Ningependelea bustani ya bei nusu yenye mtunzaji wa miaka kumi kuliko nzuri kabisa isiyo na mwenyewe. Mti uliopandwa leo unahitaji maji kwa misimu miwili mitatu ya mwanzo, na hiyo peke yake ni kazi ya mtu mwenye jina na ratiba.

Wakazi wanaweza kusaidia sana, lakini msiwategemee kwa kila kitu. Kujitolea huwaka wakati wa uzinduzi na kupoa mwaka wa pili. Gawanyeni kazi kimaandishi: mji ubebe taka, taa, miti mikubwa na ukarabati, kikundi cha wakazi kibebe maua, ratiba ya shughuli, na jicho la kila siku. Kifaa kikivunjika, kitengenezwe ndani ya siku chache au kiondolewe. Bembea yenye mnyororo mmoja inayoning'inia miezi mitatu inamwambia kila mtu kwamba hapa hapana mwenyewe, na uharibifu unaofuata huja haraka.

Kuna mahali ambapo matunzo yamefungwa ndani ya usanifu wenyewe. Kibera, Nairobi, vikundi vya wakazi kwa kushirikiana na shirika la Kounkuey Design Initiative vimejenga maeneo ya umma kando ya mto, yakiunganisha sehemu za mikutano na michezo ya watoto na huduma zinazoingiza kipato. Hapo swali la nani atafagia lilijibiwa pamoja na swali la nini kijengwe.

Tunaweza kujaribu kabla ya kujenga?

Mnaweza, na ningewasihi mfanye hivyo. Mwaka 2005 huko San Francisco, kikundi cha wasanifu na wasanii kilichoitwa Rebar kililipia nafasi moja ya kuegesha gari kama dereva yeyote, kisha badala ya gari kikaweka nyasi, benchi na mti kwa saa mbili. Jambo hilo dogo lilienea miji mingi. Nyinyi pia mnaweza kuleta viti vya kuazima, turubai la kivuli na rangi ya ardhini kwa wiki chache. Hesabuni tena watu, hasa wale ambao hawakuwepo. Viti vikihamishwa na watu kila siku kwenda kona ileile, hiyo kona ndiyo mahali pa benchi la kudumu.

Bustani ikipendeza, kodi za nyumba hazitapanda na kuwafukuza wale waliokusudiwa?

Zinaweza kupanda. High Line ya New York, iliyoanza kufunguliwa mwaka 2009 juu ya reli iliyoachwa, ilivuta ujenzi wa nyumba za kifahari pande zote, na hadi leo hutajwa kila hoja hii inapoibuka. Bustani ndogo ya mtaa ina athari ndogo zaidi, na bustani kadhaa zilizotawanywa mitaa mingi zina hatari ndogo kuliko moja ya kuvutia watalii. Bado usanifu peke yake haumlindi mpangaji. Hilo ni suala la sera ya makazi, na msanifu anayeahidi kulitatua kwa mabenchi asiaminiwe.

Tutajuaje kama imefaulu?

Rudieni hesabu ileile ya mwanzo, saa zilezile, baada ya mwaka mmoja. Jumla ya watu ni takwimu dhaifu. Kundi moja la watu hamsini linaweza kuijaza bustani na kuwaweka nje wengine wote. Tazameni mchanganyiko wa rika. Tazameni muda ambao mtu anakaa, na kama yupo aliyekuja peke yake akatulia. Whyte aliona kwamba mahali panapotumika vizuri huwa na wanawake wengi kuliko kawaida, kwa kuwa wao huchagua pa kukaa kwa uangalifu zaidi. Kipimo hicho ni rahisi na hakihitaji mashine. Wekeni akiba kama sehemu ya kumi ya fedha za ujenzi kwa ajili ya marekebisho ya mwaka huo wa kwanza, maana yatakuwepo.

Fedha zimepungua katikati ya kazi. Tukate nini?

Lango la matao. Kibao kikubwa chenye majina. Chemchemi, ambayo pampu yake ingekufa baada ya miaka miwili hata hivyo. Sanamu. Nusu ya vigae, mahali ambapo udongo ulioshindiliwa ungetosha. Vifaa vya mazoezi vya chuma, kama hakuna aliyeviomba. Msiguse udongo wa miti, viti vyenye egemeo, njia ya mteremko, bomba la maji na mshahara wa mtunza bustani. Bembea inaweza kusubiri mwaka kesho, mradi shimo la msingi wake limechorwa mahali pake sasa.